UZI: Asasi ndogo Dar na michango. Acheni kusubiri mfadhili, ombeni kama kamati ya harusi inavyoomba

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Uzi huu utakuwa mrefu, na nitauendeleza kadiri maswali yatakavyokuja. Nawaandikia wenye asasi ndogo hapa Dar: vituo vya watoto, vikundi vya wagonjwa, maktaba za mtaani, wanaofundisha mabinti cherehani, wote wanaomaliza mwezi wakiwaza kodi ya ofisi huku kuna watu wanawategemea.

Yaliyotokea 2025 tunayajua. Tarehe 20 Januari Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika lao la misaada, USAID, likaacha kabisa kufanya kazi. Kuna asasi za hapa mjini zilizokuwa zikiendesha miradi ya wilaya nzima ambazo sasa hata hela ya bando hazina. Lakini kila nikikaa na viongozi wenzangu mazungumzo ni yaleyale: nani anatoa ruzuku, andiko la mradi linatakiwa lini, nani ana mtu ubalozini. Sisemi msiandike maandiko. Andikeni. Foundation for Civil Society wapo hapahapa Dar, na asasi za kiraia (AZAKI) nyingi zimepata ruzuku kwao. Ila andiko linakula wiki nzima, mnashindana wengi, na hela ikija inakuja na masharti na tarehe ya kwisha. Mradi ukiisha mnarudi palepale.

Mimi ni mratibu wa asasi ndogo Mbagala. Tunashughulika na watoto wenye mtindio wa ubongo: viti mwendo, viti maalumu vya kukalia, nauli za kliniki, na kuwafundisha akina mama namna ya kumfanyisha mtoto mazoezi nyumbani. Mfadhili mkubwa hatujawahi kuwa naye. Tunaishi kwa michango ya watu wa kawaida, na ndiyo maana nathubutu kuandika.

Hoja yangu ni moja. Mji huu unachanga kila siku iendayo kwa Mungu. Harusi, kipaimara, msiba, arobaini, mgonjwa wa Muhimbili, paa la msikiti, ujenzi wa kanisa. Kamati ya harusi ya watu wa kawaida kabisa Temeke inakusanya mamilioni ndani ya miezi michache, bila andiko, bila mtu ubalozini. Asasi zetu zinakosa hela kwa sababu haziombi hivyo.

Tazameni kamati inavyofanya kazi. Kikao cha kwanza tu, kila mjumbe anataja watu wake na majina yanaandikwa. Kadi inakuja na jina lako juu yake. Tarehe ya mwisho unaijua. Ukiahidi 100,000 inaandikwa ahadi 100,000, ukitoa nusu inaandikwa umelipa 50,000 na bado 50,000. Orodha inatupwa kwenye grupu la WhatsApp, kila mtu anaiona. Siku zikikaribia mweka hazina anakupigia, "Kaka, nakukumbusha ile ahadi yetu," na wewe huoni kama amekukosea adabu. Siku ya shughuli unakaa kwenye kiti, unakula, unaona hela yako ilipokwenda.

Halafu tazameni tangazo la asasi. "Tunaomba msaada wako, chochote ulichojaaliwa." Picha ya mtoto analia. Namba ya simu ya mtu binafsi. Anayeombwa hatajwi, kiasi hakitajwi, tarehe haipo. Na aliyetoa hasikii lolote mpaka mwaka unaofuata atakapoombwa tena.

Naomba mnisome kwa utulivu, nitaeleza tulivyobadilisha.

Tulianza na orodha. Kila mjumbe wa bodi, kila anayejitolea na kila mzazi aliyeweza alikaa na simu yake akapitia majina, akaandika watu wanaomfahamu vizuri, ambao akipiga simu watapokea. Hatukuwahesabu matajiri. Tulihesabu waliosoma naye, anaosali nao, wa kikoba chake, wanaofanya naye kazi, majirani wa zamani waliohamia Tegeta. Mbele ya kila jina anaandikwa anayemfahamu, kwa sababu huyohuyo ndiye atakayemwomba. Ukimpa katibu orodha ya watu asiowajua awatumie meseji ya aina moja, umeipoteza.

Kisha kiasi. "Chochote ulichonacho" inamchosha anayeombwa, maana akitoa 5,000 anaogopa ataonekana mchoyo na 50,000 hana, basi anaahirisha, na akiahirisha imekwisha. Mwambie kiasi unachodhani anakiweza, umwambie kinafanya nini. Hii ni mojawapo ya meseji zetu, nimeondoa majina:

"Mama, shikamoo. Habari za tangu siku zile. Kuna mtoto wa hapa Kizuiani ana miaka sita, hajawahi kukaa mwenyewe bila kushikwa. Fundi ameshampima na kiti chake kinatengenezwa, kimebaki 180,000. Nakuomba mama yangu utuchangie 20,000 kabla ya tarehe 30. Lipa Namba ya asasi ni hii hapa chini. Kiti kikiisha nitakuletea picha yake. Kama mwezi huu ni mgumu niambie tu, nitakuelewa."

Angalieni yaliyomo humo. Salamu ya mtu anayemfahamu. Mtoto mmoja, si "watoto 4,000 wa wilaya yetu". Kazi imeshaanza, fundi ameshapima. Kiasi kilichobaki, kiasi anachoombwa yeye, tarehe. Na mlango wa kukataa bila aibu, kwa sababu anayekataa kwa amani leo unaweza kumrudia miezi mitatu mbele, lakini uliyembana ataacha kupokea simu yako.

Mrejesho ndio unaoleta hela ya pili. Nitaurudia huko chini kwa sababu nauona ndio moyo wa jambo lote hili.

#4 – Mdau

Mkuu umeandika vizuri ila wabongo hawachangii watoto wa watu. Wanachangia harusi kwa sababu na wao wana harusi zao zinakuja. Nichangie nikuchangie. Huyo mtoto wa Kizuiani atamrudishia nini?

#5 – Mleta uzi

Swali lako ni la msingi mkuu. Ni kweli harusi ina kurudishiana ndani yake. Lakini msiba je? Mgonjwa wa moyo anayetangazwa redioni asubuhi na jioni hela imetimia? Mafuriko ya Msimbazi yakipiga Jangwani na Kigogo, watu wanapeleka magodoro na unga kwa wasiowajua hata sura. Mtu wa Dar anatoa. Anachokiogopa ni kutapeliwa.

Na ana haki ya kuogopa. Nani humu hajawahi kupata meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii"? Mtu ameipata hiyo asubuhi, mchana anapata yako yenye namba ya mtu binafsi. Unataka atofautishe vipi?

Sisi jambo lililotusaidia kuliko tangazo lolote ni kuacha namba ya mtu na kuchukua Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la asasi. Mchangiaji akibonyeza, kabla hajaweka namba ya siri, linatokea jina. Hapo ndipo anapoamua. Likitokea jina la asasi aliyoisikia, anaendelea. Likitokea la mtu asiyemjua, anafuta na hakuambii kwamba amefuta. Ukitaka kuchukua, beba cheti cha usajili, namba ya mlipa kodi (TIN) na nyaraka za walioidhinishwa kusimamia akaunti, na jiandae kuzungushwa kidogo. Kabla ya kuchapisha bango, jaribuni wenyewe kulipa kutoka M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas, HaloPesa na kutoka benki, muone kama inapita kote na makato ni kiasi gani. Tangu tozo ya miamala ya Julai 2021 watu wanaangalia sana makato. Mwambieni mchangiaji mapema, msimwache ajionee mwenyewe kwenye meseji.

#7 – Mdau wa Tegeta

Kaka habari. Mimi nina kituo kidogo cha kusomesha watoto jioni, wako kama arobaini hivi. Nimekuwa nikituma barua kwenye makampuni, nyingi hazijibiwi. Moja waliniita, wakaja na kamera na maboksi ya juisi, wakapiga picha, hawakurudi tena. Nimechoka. Makampuni unayashughulikiaje?

#8 – Mleta uzi

Dada yangu pole sana. Hilo la kamera na juisi limewakuta wengi, na linauma, kwa sababu watoto wenyewe wanaelewa.

Kwenye makampuni naomba nikae kidogo, maana kuna mambo watu wanayapita.

Kwanza bajeti. Mabenki makubwa hapa nchini, NMB na CRDB, yamejiwekea sera ya kutenga asilimia 1 ya faida yao kwa ajili ya jamii. Hela ipo na ina watu wanaoipanga. Lakini ikishapangwa imepangwa. Kampuni ambayo mwaka wake wa fedha unaanza Januari, barua yako ikifika Machi inaikuta hela imeshapewa kazi. Peleka Septemba, Oktoba, wakati wanapanga. Usianzie makao makuu. Anza na meneja wa tawi la mtaani kwako, mwalike aje aone, kwa sababu makao makuu wakimuuliza "hawa ni akina nani" unataka awe na jibu.

Pili, angalia wanatoa nini. Wengi wameshajiamulia maeneo: elimu, afya, mazingira, majanga. Wanatoa madawati, bati, vitanda vya hospitali. Ukiwaomba mshahara wa mwalimu wako watakuona hujasoma sera yao. Omba madawati au vitabu, na mshahara uutafute kwenye michango ya kila mwezi ya watu binafsi, ambayo haina masharti.

Tatu ni kodi, na hapa asasi nyingi zimelala. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, kinamruhusu mfanyabiashara kupunguza kwenye hesabu za kodi michango aliyotoa kwa asasi ya hisani inayotambuliwa, isizidi asilimia 2 ya mapato yake ya biashara. Neno la kushika ni "inayotambuliwa". Cheti cha NGO hakitoshi. Lazima uombe Mamlaka ya Mapato (TRA), Kamishna wake aridhike kwamba wewe ni taasisi ya hisani kwa mujibu wa kifungu cha 64. Ukishaipata barua hiyo, iambatanishe kwenye kila ombi. Mhasibu wa kampuni akiiona, ombi lako linahama kutoka kwenye huruma kwenda kwenye hesabu zake.

Na dada, usiwadharau wafanyabiashara wa kati. Mwenye duka la jumla Kariakoo hana idara ya jamii wala fomu. Ana moyo na ana mali. Mwombe daftari za mwaka mzima, si hela. Mpe stakabadhi hata kama ametoa vitu, umwandikie thamani yake. Mpigie picha daftari zikiwa mikononi mwa watoto, sura zisionekane, umpelekee dukani iliyochapishwa kwenye karatasi. Ataiweka ukutani pale juu ya kaunta, na wenzake wa maduka ya jirani watauliza.

#11 – Mdau

Vipi kuhusu hafla ya chakula cha jioni hotelini? Sisi bodi inataka tufanye harambee kubwa, tumwalike mgeni rasmi. Na wengine wanasema marathon.

#12 – Mleta uzi

Mkuu hapa nitasema wazi: asasi ndogo isifanye hafla ya hoteli kwa hela yake. Ukumbi, chakula kwa kichwa, muziki, MC, mapambo, maji ya meza kuu. Hizo zote ni fedha taslimu, zinatoka kabla. Zinazoingia usiku ule nyingi ni ahadi. Mgeni rasmi atasimama aahidi, ukumbi upige makofi, halafu wewe ubaki miezi sita unamtafuta msaidizi wake. Naifahamu asasi moja iliyotoka kwenye harambee yake ikiwa na deni la ukumbi, na wale waliohudhuria wanaamini mpaka leo kwamba waliisaidia.

Kama bodi imeng'ang'ania, wekeni sharti moja: tarehe isitangazwe mpaka awepo mdhamini aliyelipia gharama zote, kwa maandishi. Hapo kila shilingi ya mezani inakwenda kwenye kazi.

Marathon ni hivyohivyo. Watu wanaona Rotary Dar Marathon, inayokimbiwa tangu 2009, wanaona CRDB Marathon iliyoanza 2020 na kuchangia matibabu ya moyo ya watoto pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI), wanadhani mbio zinaleta hela. Mbio zenyewe zinakula hela: fulana, medali, maji, gari la wagonjwa, askari wa barabarani. Zile zinafanikiwa kwa sababu nyuma yake kuna taasisi yenye fedha na mtandao wa wadhamini. GGM Kili Challenge ni vilevile. Tangu 2002 watu wanapanda Mlima Kilimanjaro kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, mgodi wa dhahabu wa Geita (GGM) ukishirikiana na Tume ya Kudhibiti UKIMWI (TACAIDS). Kupandisha kundi la watu hadi mita 5,895 si jambo la asasi ya mtaa.

Ila kuna njia ya kuingilia humohumo. Mtu wako amejiandikisha kukimbia mbio ambazo tayari zipo. Mwombe akimbie kwa ajili ya mtoto mmoja, awatangazie marafiki zake mwezi mzima kabla: "Nakimbia kilomita 21, nichangieni 1,000 kwa kila kilomita, inakwenda kwenye kiti cha mtoto." Rafiki mmoja akikubali ni 21,000, wakikubali kumi ni 210,000, na wewe hujanunua hata chupa ya maji. Waulizeni tu waandaaji wa mbio kabla ya kutumia jina lao.

#15 – Mdau, mhasibu

Mleta uzi naongezea kwa faida ya wengi. Watu wanasahau Kanuni za NGOs za 2018: asasi ikipokea zaidi ya milioni 20 inatakiwa kuzitangaza hadharani fedha hizo. Na mikataba ya ruzuku inapelekwa kwa Msajili wa NGOs. Pia taarifa ya mwaka na ada ya mwaka zisikuponyoke, nimeona asasi zimefutwa kwa hilo tu.

#16 – Mleta uzi

Asante sana mkuu, nilikuwa nalisubiri hilo. Tena lichukulieni kama silaha, msilione mzigo. Sheria ya NGOs ni Namba 24 ya 2002, na mwaka 2019 ilifanyiwa mabadiliko makubwa. Wengi waliokuwa wamesajiliwa kwingine wakijiita NGO walilazimika kuhamia kwa Msajili. Mchangiaji mwenye uelewa atakuuliza umesajiliwa wapi. Mtumie cheti kabla hajakuuliza mara ya pili.

Taarifa ya fedha ndiyo tangazo bora kuliko yote. Kila baada ya miezi mitatu tunaweka ukurasa mmoja kwenye grupu la wachangiaji: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Pamoja na kodi ya chumba cha ofisi na posho ya anayesafisha. Mwanzoni bodi iliogopa kuonyesha posho, wakasema watu watasema tunakula hela. Waliosoma walisema kinyume chake. Kilichokuwa kikiwatia shaka ni zile taarifa za asasi zinazodai kila senti inakwenda kwa watoto, maana kila mtu anajua umeme haulipwi na malaika.

#19 – Mdau, yupo nje

Nipo Uingereza, nimetoka Sinza. Huku tunapenda kuchangia nyumbani ila kutuma hela kwa mtu mmoja mmoja kunachosha na kuna maneno. Mngejiunga na majukwaa ya kuchangisha ya kimataifa si ingekuwa rahisi?

#20 – Mleta uzi

Ni rahisi kwenu ndugu yangu, na kwa asasi ni kazi inayolipa ikiwa imejiandaa. Majukwaa yapo, mfano GlobalGiving ya Marekani iliyoanza 2002. Inakagua nyaraka za usajili na hesabu, na asasi mpya inapitishwa kwenye kipindi cha majaribio ambapo lazima ioneshe inaweza kukusanya michango kutoka kwa watu wengi tofauti, si tajiri mmoja. Kwa hiyo unarudi kwenye orodha ileile niliyoianza nayo. Asiye na watu wake wa kuwapigia simu hatawapata kwa sababu tu amefungua ukurasa huko.

Nyinyi mlio nje mna jambo jingine la thamani: mnaweza kuwa wajumbe wa kuomba. Chukua mtoto mmoja au darasa moja, uwaombe Watanzania kumi wa mji wako, wewe ndiye mwenye orodha, sisi tunakuletea mrejesho wewe na wewe unawapa. Watu kumi wanaokufahamu watakuamini wewe kabla ya kuniamini mimi.

#22 – Mdau

Ramadhani inakaribia na sisi tunahudumia yatima. Tunafanyaje tusije tukakosea?

#23 – Mleta uzi

Ramadhani ni mwezi mkubwa wa kutoa na ni lazima uheshimiwe. Usichanganye zaka na sadaka. Zaka ya mali ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia kiwango na kutimiza mwaka, na ina makundi manane ya wanaostahili kupewa, yaliyotajwa kwenye Qur'ani, sura At-Tawba aya ya 60. Anayekukabidhi zaka amekukabidhi ibada yake. Iwe na daftari lake, na matumizi yake mumuulize sheikh anayeaminika kabla ya kuigusa, msije mkalipia kodi ya ofisi kwa fedha ambayo mwenyewe aliitolea maskini. Sadaka ina wigo mpana zaidi. Kwenye meseji mwachieni mtu nafasi ya kusema: "Hii ni zaka" au "hii ni sadaka." Mtu akiona mmeuliza, atajua amepata watu wanaojali.

Ombeni mapema, wiki mbili tatu kabla ya mwezi kuandama. Ikifika kumi la mwisho kila mtu ameshaombwa na kila msikiti. Na msiombe futari peke yake. Futari inaletwa na wengi, kuna vituo vinapata tambi na tende mpaka vinagawa kwa majirani, halafu miezi minne baada ya Idi havina unga. Omba unga wa miezi hiyo ya baada ya Idi.

Kwa Wakristo Kwaresima ni hivyohivyo, na jumuiya ndogondogo ni mahali pazuri kuliko ibada kuu, kwa sababu kule watu wanajuana kwa majina. Januari muwaache watu wapumue, wana ada za shule. Na siku ya kuomba ni baada ya mishahara kutoka. Tarehe 15 mtu anakusikiliza kwa masikitiko na hana cha kukupa.

#27 – Mdau

Mkuu uliahidi kurudi kwenye mrejesho. Na picha za watoto vipi? Bila picha watu hawatoi.

#28 – Mleta uzi

Narudi.

Mtu akichanga, ndani ya siku hiyohiyo anapata meseji ya shukrani yenye jina lake na kiasi alichotoa. Isitoke kwenye mashine, itoke kwa yule aliyemwomba. Hiyo ya kwanza ni kumtuliza kwamba imefika. Ya pili inakuja kazi ikishafanyika, na hii ndiyo ambayo asasi nyingi haziipeleki. Kiti cha yule mtoto wa Kizuiani kilipokamilika, mama yake alirekodi sauti yake mwenyewe kwenye simu. Hakuambiwa aseme nini. Alisema leo amepika huku mtoto amekaa karibu naye anamwangalia, na kwamba mikono yake yote miwili ilikuwa huru. Sauti ile ilipelekwa kwa kila aliyechangia kile kiti, mmoja mmoja, kwa ridhaa ya mama huyo. Hatukuomba hela kwenye meseji ile. Naomba mlishike hilo: mrejesho usiambatane na ombi. Ukiambatanisha, mtu anaona ulikuwa unamtega.

Ni baada ya meseji zile ndipo tulipoanza kuwauliza watu kama wangependa kuchangia kila mwezi. Viwango vidogo, 5,000, 10,000. Wengi walikubali, tena baadhi ni waliotoa kidogo kuliko wote mwanzoni. Hao wa kila mwezi ndio wanaolipia nauli za bajaji za kliniki, kitu ambacho hakuna kampuni inayotaka kukilipia kwa sababu hakipigiki picha. Mtoto wa miaka sita asiyeweza kusimama, ana uzito wake, mama anambeba mgongoni kupanda daladala ya Rangi Tatu asubuhi, konda anamwambia asubiri nyingine. Akikosa nauli ya bajaji anaacha kliniki, mazoezi yanakatika, viungo vinakaza, na kiti tulichomtengenezea kinakuwa hakimfai tena. 10,000 ya kila mwezi ya karani mmoja wa Posta inazuia hayo yote.

Kuhusu picha. Mkuu, picha ya mtoto akiwa amedhalilika inaleta hela mara moja na inamfukuza mtu mwenye heshima zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto na za afya kuwa nyeti, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlindia mtoto heshima yake. Kwa hiyo ridhaa ya mzazi iwe ya maandishi, aelewe picha inakwenda wapi, na awe na haki ya kusema iondolewe. Sisi tunapiga mikono, kiti, mgongo wa mama na mtoto. Kwenye hadithi tunabadilisha jina na hatutaji nyumba. Na tunajiuliza huyu mtoto akiwa na miaka 20, akiikuta picha hii kwenye simu ya mtu, ataonekanaje. Michango haijapungua kwa hilo. Sauti ya mama imefanya kazi kubwa kuliko picha yoyote ya machozi.

#31 – Mdau wa Tegeta

Kaka nimesoma yote mpaka hapa. Nina daftari na simu tu, sina kompyuta wala mhasibu. Naanzia wapi wiki hii?

#32 – Mleta uzi

Daftari linatosha kabisa dada. Chora safu sita: jina, anayemfahamu, ulichomwomba, tarehe, alichotoa, tarehe uliyompa mrejesho. Safu ya sita ikiwa tupu, usimwombe tena mtu huyo mpaka uijaze.

Waite wazazi watano unaowaamini na mwalimu mmoja, kila mmoja aje na majina kumi ya watu anaoweza kuwapigia bila aibu. Chagueni kitu kimoja kinachoonekana na kinachoisha: vitabu vya hesabu vya darasa la nne, au taa za sola watoto wasome jioni. Pateni bei halisi dukani, iandikeni. Upande wa pili, nenda ofisi ya serikali ya mtaa umweleze mwenyekiti unachofanya na upate barua ya utambulisho, maana mtu akiuliza mtaani wewe ni nani jibu litoke pale. Usajili kwa Msajili wa NGOs kama bado, anza nao sasa hivi wakati unaendelea. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya manispaa ndiyo itakayokuelekeza fomu.

Wewe mwenyewe uwe wa kwanza kwenye daftari, na kiasi chako kiandikwe. Ukimpigia mtu wa pili, mwambie ulichotoa.

Ukikwama kwenye meseji ya kwanza iandike hapa hapa, tutaisahihisha pamoja na wengine wafaidike. Na mkuu wa #15, kama una nafasi tuwekee mfano wa ule ukurasa mmoja wa mapato na matumizi, wa mtu asiye na kompyuta.